Futi ya fundi cherehani na sumaku ya ubongo: barua ya wazi kwa Waziri wa Afya

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, uongozi wa Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, na uongozi wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya.

YAH: TIBA YA SUMAKU KWA WAGONJWA WA SONONA SUGU

Mheshimiwa Waziri, pokea salamu kutoka Songea. Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mwalimu wa Fizikia wa sekondari. Naandika kwa ajili ya dada yangu mkubwa, ambaye ameniruhusu niseme habari zake ila jina lake nilihifadhi. Yeye ni fundi cherehani. Watu wakisema "alikuwa fundi" nawasahihisha, kwa sababu cherehani yake bado iko sebuleni, imefunikwa kanga, na kila mwisho wa mwezi naitia mafuta mwenyewe isije ikashika kutu. Mwaka wa nne huu haijashona.

Siku niliyotambua kwamba huu si uchovu ilikuwa Jumamosi moja ya msimu wa kipaimara. Magauni meupe yamepangwa kitandani, wazazi wanapiga simu. Nilimkuta ameketi kwenye cherehani, uzi mkono mmoja, mkono mwingine umeshika sindano. Nikatoka, nikanunua mkaa, nikaongea na jirani, nikarudi. Yuko vilevile. Nikamwambia, "Dada, lete nikutungie uzi." Akajibu bila kugeuka: "Tundu naliona, mdogo wangu. Mkono ndio hautaki kwenda."

Waliokuja kumwona walisema yao. Yupo aliyesema amerogwa, yupo aliyemwambia ajikaze, wapo walioleta watu wa maombi. Siwalaumu, angalau walikuja. Hospitali ndiyo iliyotupa jina la ugonjwa: sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Alianza na amitriptilini, kinywa kikakauka, akawa analala mchana kutwa. Akabadilishiwa fluoksetini, dozi ikapandishwa, kisha ikaongezwa dawa nyingine juu yake. Kuna miezi dawa ilikwisha dirishani tukainunua mtaani, na kuna miezi hata mtaani haikuwepo. Vidonge nilikuwa namhesabia mimi, kwa hiyo nasema kwa uhakika: dawa ilipopatikana, aliimeza. Mwaka wa tatu daktari mmoja kijana, aliyetusikiliza kwa muda mrefu kuliko wote, alimwambia, "Mama, usijilaumu. Hii tunaiita sonona sugu."

Neno sugu tunalijua. Tuna kifua kikuu sugu, na mgonjwa wa kifua kikuu sugu ana njia yake: dawa za mstari wa kwanza zikishindwa kuna za mstari wa pili, na kuna Kibong'oto, hospitali ambayo kila mganga wa wilaya anaijua kwa ugonjwa huo. Dada yangu alipoambiwa ana sonona sugu, alirudishwa nyumbani na dawa zilezile.

Kwamba dawa hushindwa si jambo la Songea peke yake. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2006, wenye wagonjwa wapatao 4,000, ulionyesha kwamba dawa ya kwanza iliwaondolea sonona kama theluthi moja tu. Waliofika hatua ya kujaribiwa dawa ya tatu na ya nne, waliopona katika kila hatua walikuwa kama 13 au 14 kati ya 100. Kwa maneno mengine, kumbadilishia vidonge mgonjwa ambaye vimeshashindwa mara mbili ni kumpa tumaini dogo sana na kumwomba asubiri wiki sita nyingine.

Tuliambiwa pia kuna tiba ya umeme, ile mgonjwa anayofanyiwa akiwa amelazwa usingizi wa dawa. Sitaki barua hii isomwe kama ya kuipinga. Kwa mgonjwa aliyeacha kula, au anayetaka kujidhuru leo hii, ni tiba yenye nguvu sana. Lakini inahitaji mtaalamu wa usingizi, inaweza kuvuruga kumbukumbu, na dada alisema hapana. Ni haki yake. Ndipo nikaanza kusoma.

Kila mwaka wanafunzi wangu wa kidato cha nne huwa nawaonyesha jambo aliloligundua Michael Faraday mwaka 1831. Nachukua koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, naiunganisha na galvanomita, kifaa chenye mshale unaoonyesha umeme ukipita, kisha napitisha sumaku ndani ya koili. Sumaku ikitulia, mshale hautikisiki. Sumaku ikisogea, mshale unaruka, ingawa hakuna betri popote. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake huko Sheffield, Uingereza, walitumia kanuni hiyohiyo kwenye kichwa cha binadamu. Waliweka koili juu ya fuvu, wakapitisha umeme mkali kwa muda mfupi sana, uga wa sumaku ukapenya mfupa bila kuumiza, na ndani ya ubongo ukazaa mkondo mdogo wa umeme. Kidole cha mtu kikacheza. Fizikia nzima ni hiyo. Hakuna kisu, hakuna usingizi wa dawa, hakuna mionzi kama ya eksirei. Mgonjwa anakaa kwenye kiti amevaa viziba masikio, kwa sababu koili inapiga kelele kama mtu anayegonga meza kwa rula, na akimaliza anainuka na kwenda zake.

Kwa sonona, koili huwekwa upande wa kushoto wa mbele ya kichwa, juu ya paji la uso. Marekani waliiruhusu tiba hii mwaka 2008, Uingereza ikatoa mwongozo wake mwaka 2015. Ina madhara, na ni haki yenu kuyajua: ngozi ya kichwa inauma, wengine wanapata maumivu ya kichwa siku za mwanzo. Degedege inaweza kutokea, ila kwa chini ya mgonjwa 1 kati ya 1,000. Mwenye chuma kichwani au kifaa cha usikivu kilichopandikizwa hafai kabisa, na mwenye kifafa anahitaji uangalizi wa pekee.

Sasa swali la fundi: koili iwekwe wapi hasa? Njia ya zamani ilikuwa kutafuta mahali panapochezesha kidole gumba, kisha kusogea sentimita 5 mbele. Tatizo, vichwa havifanani. Kwa watu wengi zile sentimita 5 hazikufika mahali palipokusudiwa. Mwaka 2009 ikatoka njia bora zaidi, na hii nilipomsomea dada aliniangalia usoni kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi: unachukua futi, futi hiihii ya fundi nguo, unapima kutoka chini ya paji hadi kwenye nundu ya kisogo, unapima sikio hadi sikio kupitia utosini, unapima mzunguko wa kichwa, unaingiza namba tatu kwenye programu ya bure, nayo inakuonyesha pa kuweka koili. Dada akasema, "Kumbe hata kichwa kinapimwa." Akanyamaza tena. Ila alisema.

Kuna kipimo cha ndani kuliko futi, na ndicho kilichofanya tiba hii ivume. Mgonjwa analazwa kwenye MRI, mashine kubwa inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, akiwa ametulia tu, nayo inafuatilia jinsi sehemu za ubongo zinavyowasiliana. Kuna sehemu moja iliyojificha katikati, nyuma ya paji la uso kwa chini, inayohusishwa sana na huzuni nzito. Mwaka 2012 Michael Fox na wenzake, Marekani, walionyesha kwamba koili hufanya kazi vizuri zaidi inapogusa mahali penye uhusiano wa kinyume na sehemu ile, kama ndoo mbili za kisima kimoja: hii ikipanda, ile inashuka. Na mahali hapo hapalingani kwa kila mtu. Kwa hiyo kila mgonjwa anachorewa ramani yake. Dada yangu angeelewa upesi: hii ni nguo ya kupimwa, ile ya sentimita 5 ni nguo ya dukani.

Timu ya Dkt. Nolan Williams katika Chuo Kikuu cha Stanford ilichukua ramani hiyo ikaongeza jambo la pili, yaani kasi. Badala ya kikao kimoja kwa siku kwa wiki sita, walitoa vikao 10 kwa siku, kila kimoja kama dakika 10, mapumziko ya dakika 50 katikati, kwa siku 5. Mwaka 2020 walitoa matokeo ya watu 21, na 19 kati yao sonona iliondoka. Majaribio hayo hayakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo wakarudia kwa watu 29 wasiojua nani anapata tiba halisi na nani koili ya maigizo. Ndani ya wiki nne baada ya tiba, 11 kati ya 14 waliopata tiba halisi walifikia hali ya kutokuwa na sonona, dhidi ya 2 kati ya 15 wa maigizo. Septemba 2022 Marekani ikaidhinisha mfumo huo.

Mheshimiwa, nilipofika hapo nililia. Kisha nikaendelea kusoma, kwa sababu watu 29 ni wachache kuliko mkondo mmoja wa darasa langu.

Januari 2024 Waingereza walitoa matokeo ya utafiti wao ulioongozwa kutoka Nottingham, wagonjwa 255 wa sonona sugu. Kundi moja lilichorewa ramani ya mawasiliano ya ubongo wa kila mtu, kundi la pili likapata tiba ya kawaida iliyoongozwa na picha ya MRI tu. Wakafuatiliwa wiki 26. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na hakuna lililolishinda jingine. Ramani ya gharama haikuongeza kitu kinachoonekana. Utafiti huo nao una mipaka yake: hapakuwa na kundi la maigizo, na tiba ilitolewa kwa mwendo wa kawaida, si vikao 10 kwa siku. Lakini unatuambia jambo ambalo wauzaji wa mashine hawatawaambia. Stanford walibadilisha vitu viwili kwa pamoja, ramani na kasi, na haijathibitika ni kipi kati ya viwili kilichobeba mzigo.

Hapo ndipo lilipo ombi langu. Naogopa njia mbili. Njia ya kwanza ni kusema tiba hii ni ya matajiri, tuachane nayo. Njia ya pili ni kununua mfumo wa bei kubwa kuliko yote, kukata utepe, kupiga picha, kisha ukae kwenye chumba chenye kiyoyozi ukihudumia wachache wenye uwezo wa kulipa, mpaka siku koili itakapoungua na kipuri chake kiwe Marekani. Naomba tuanze na koili ya kawaida na futi, kisha tuchukue kutoka Stanford kile chenye manufaa makubwa kwetu, na kwetu hicho ni kasi.

Fikirini safari ya mgonjwa. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Tiba ya kawaida ni siku 5 kwa wiki, wiki 4 hadi 6, na kila kikao hakifiki hata saa moja. Mgonjwa atakaa gesti wiki sita kwa ajili ya kikao hicho kifupi cha kila siku, na msindikizaji wake naye, kwa sababu mtu asiyeweza kutunga uzi hawezi kuvuka barabara ya Morogoro peke yake. Bima hata ikilipia koili, hailipi gesti, hailipi chakula, wala hailipi kazi iliyoachwa nyumbani. Wagonjwa wa mikoani watakuja wiki ya kwanza, watarudi nyumbani wiki ya pili, na ripoti itaandikwa kwamba hawakumaliza tiba. Siku 5 mtu anaziweza. Harusi tunachangia, msiba tunachangia, na siku 5 za mgonjwa ukoo utazichangia.

Kasi inaleta faida ya pili. Mapumziko ya dakika 50 ya mgonjwa mmoja ni nafasi ya mwingine. Ukiwa na kiti kimoja na wauguzi waliofundishwa, kwa saa moja unaweza kuzungusha wagonjwa watatu hadi wanne, kila mmoja na zamu yake, na Ijumaa wote wanne wamemaliza. Na kwa wale wanaoishi karibu, Wakanada walishathibitisha mwaka 2018, kwa wagonjwa 414, kwamba kikao cha dakika 3 hakizidiwi na kile cha dakika 37 na nusu. Mashine moja inayohudumia watu wachache kwa siku inaweza kuhudumia kundi zima.

Naomba kituo cha kwanza kiwe Dodoma. Najua Dar es Salaam ina Muhimbili na wataalamu wengi, na ni wao watakaofundisha. Lakini Dodoma ni katikati ya nchi. Sisi wa Ruvuma tunafika kwa basi kupitia Iringa, wa Mwanza na Tabora wanafika, wa Pwani wana treni ya SGR tangu 2024. Mirembe iko hapo tangu 1927. Hospitali ya Benjamin Mkapa iko jiji hilohilo, ina MRI, kwa hiyo siku tutakapotaka kuchora ramani za ubongo hatutahitaji kununua mashine nyingine. Na nina sababu ya tatu ambayo haimo kwenye bajeti. Nchi hii mtu akitaka kumtukana mwenzake humwambia "wewe unafaa Mirembe." Nataka watu waanze kwenda Mirembe Jumatatu na kurudi Jumamosi wakiwa wanacheka na makondakta. Tusi hilo halitadumu mbele ya watu kama hao.

Wataalamu wenu wanajua zaidi yangu, kwa hiyo haya mengine nayasema kwa kifupi. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ikague mashine kabla hazijazagaa kwenye vituo binafsi, maana palipo na wagonjwa waliokata tamaa matapeli hawako mbali. Mkataba wa ununuzi uwe na koili ya akiba, kidhibiti umeme, na fundi wa vifaa tiba wa Kitanzania aliyefundishwa kuifungua na kuifunga, kwa sababu koili hupata joto sana na umeme wetu mnaujua. Mwongozo wa Taifa wa Matibabu uandike wazi kwamba baada ya dawa mbili kushindwa, kwa dozi kamili na muda kamili, mgonjwa anapewa rufaa. Sentensi hiyo moja ingemwokolea dada yangu miaka miwili.

Kwenu Mfuko wa Bima: Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imetuahidi mengi. Naomba tiba hii iingizwe kwenye kitita cha mafao kwa mgonjwa aliyethibitishwa na daktari bingwa, na ilipiwe hata anapohitaji kurudia. Sonona hurudi. Wengi wanaopata nafuu kwa koili huanza kuzama tena baada ya miezi, na vikao vya nyongeza huwainua. Mgonjwa wa figo hatumwambii usafishaji wa damu ni mara moja tu.

Na kwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu pamoja na Chuo Kikuu cha Muhimbili: lile swali la ramani au kasi bado liko wazi duniani, na tunaweza kusaidia kulijibu sisi. Wagonjwa tunao, MRI ziko, wanafunzi wa udaktari wa akili wapo. Kundi moja lipimwe kwa futi, kundi la pili kwa ramani, wote wapate siku 5. Ikionekana futi inatosha, tutakuwa tumewapa nafuu ya gharama si Watanzania tu. Ikionekana ramani inashinda, tutainunua tukijua tunanunua nini.

Najua nitajibiwa kwamba kuna malaria, kuna wajawazito, kuna vituo vya afya visivyo na maji. Ni kweli, na mimi naishi huku viliko. Lakini miaka ya nyuma tuliambiwa hivyohivyo kuhusu moyo, na wagonjwa wetu wakipandishwa ndege kwenda India. Leo tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Tuliambiwa hivyo kuhusu figo, na Novemba 2017 Muhimbili wakapandikiza figo ya kwanza hapahapa. CT-Scan ambazo zamani zilikuwa hadithi ya Dar zimefika hospitali za rufaa za mikoa. Mashine ya sumaku ni ndogo kuliko hivyo vyote. Inaingia kwenye chumba cha kawaida, na kitu kikubwa kilichomo ni koili ya waya, kama ile ninayoigawa kwa wanafunzi wangu wakati wa praktiko.

Mgonjwa wa moyo akianguka sokoni watu wanamkimbilia. Dada yangu alianguka akiwa ameketi, na ilituchukua miezi kutambua kwamba ameanguka.

Shule zikifungwa Juni nitakuja Dodoma kuleta nakala ya barua hii kwa mkono. Nitakuwa na dada. Nilimsomea yote jana usiku kabla sijaituma. Alisikiliza akiwa amefumba macho, na nilidhani amelala. Nilipofika kwenye maneno ya kupima kichwa alinyoosha mkono, akafungua droo ya cherehani, akatoa futi yake ya njano iliyofutika namba kuanzia 1 hadi 20, akaiweka juu ya karatasi zangu. "Hii waambie ninayo," alisema.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Fizikia,
Songea, Ruvuma